Mgahawa Wako Texas na Mteja Mwenye Bastola: Namna ya Kuweka Kibao cha Katazo na Kuongea na Watu

Hapa Texas bastola si habari ya kushtua. Mteja anaweza kuwa nayo kiunoni huku akiagiza pilau ya mbuzi na kachumbari, na kisheria hana kosa. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu mwenye miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha anaruhusiwa kutembea na bastola bila leseni, ikiwa imefichwa au ikiwa inaonekana, ilimradi inayoonekana iwe kwenye mfuko wake maalumu. Leseni nazo bado zinatolewa, na wenye nazo ni wengi.

Sheria hiyohiyo inampa mwenye biashara haki ya kusema: ndani kwangu hapana. Ila lazima useme kwa namna ambayo sheria yenyewe imeagiza. Hapo ndipo ndugu zetu wengi wenye migahawa, saluni na maduka ya vyakula hapa Houston wanapokwama. Wanabandika karatasi yenye picha, wanawaudhi wateja wenye silaha, na bado kisheria hawajawakataza. Naandika kama mama mwenye mgahawa ambaye vibao viko mlangoni kwake na anaongea na wateja hawa kila wiki. Mambo ya mkataba wa pango na ya mahakamani mpelekee wakili.

Unakataza nini hasa?

Sheria ya Adhabu ya Texas ina vifungu vitatu vinavyohusu jambo hili, na kila kimoja kina kibao chake. Kifungu cha 30.05 kinamhusu asiye na leseni, nacho kinagusa silaha yoyote ya moto, hata bunduki ndefu. Cha 30.06 kinamhusu mwenye leseni aliyeificha bastola ndani ya nguo. Cha 30.07 kinamhusu mwenye leseni aliyeiacha ionekane. Ukiweka 30.06 peke yake, mwenye leseni akiingia na bastola nje ya shati, kwenye mkanda, hujamkataza. Ukiweka 30.05 peke yake, mwenye leseni ana utetezi wake. Anayetaka ndani kuwe hakuna silaha kabisa anaweka vyote vitatu.

Si lazima ukataze vyote. H-E-B, supamaketi ambayo kila mtu wa Texas anaijua, tangu 2016 ilikataa bastola za kuonekana lakini ikamwachia mwenye leseni aliyeificha. Kuna pia njia ya kuomba tu, bila vifungu. Mwaka 2013 Howard Schultz wa Starbucks aliandika barua ya wazi akiwaomba wateja wasiingie na bunduki, na akasema waziwazi kwamba hilo ni ombi, si katazo. Walmart nayo, baada ya watu 23 kupoteza maisha kwa shambulio la tarehe 3 Agosti 2019 katika duka lake la El Paso, iliwaomba wateja waache kubeba silaha waziwazi madukani. Ombi halina nguvu ya 30.06, lakini kwa mwenye saluni ya viti vinne ambaye wateja wote anawajua kwa majina, linaweza kumtosha.

Mimi nimeweka vyote vitatu. Kaunta yangu iko karibu na meza ambazo watoto hukaa na madaftari yao wakisubiri wazazi. Mtu mzima akisimama kulipa, bastola iliyo kiunoni inakuwa sawasawa na uso wa mtoto wa miaka minne. Mtoto akinyoosha mkono anaigusa. Kwangu hilo lilitosha kuamua, na sikuhitaji siasa ya upande wowote.

Kibao chenyewe

Maneno ya 30.06 na 30.07 yameandikwa ndani ya sheria, na kibao kinatakiwa kuyanakili yalivyo. Usiyafupishe, wala usiyapambe kwa "tafadhali". Yawe kwa Kiingereza na kwa Kihispania, kwa herufi kubwa za kawaida, kila herufi urefu wake usipungue inchi moja, na rangi ya maandishi ipishane na rangi ya nyuma yake. Kiwekwe mahali ambapo kila anayekuja anakiona, kwenye kila mlango ambao wateja wanautumia. Kama mgahawa una mlango wa nyuma unaoelekea maegesho, na huo unahesabika.

Chukua rula upime. Nasema hivi kwa sababu duka la kuchapisha mabango nililoenda mara ya kwanza lilinionyesha kibao kizuri, cha kung'aa, bei nafuu, na herufi zake za Kihispania zilikuwa chini ya inchi. Niliziwekea rula palepale kwenye meza yao. Maneno hayo kwa lugha mbili, kwa herufi za inchi moja, yanakula nafasi kubwa sana, na vibao vitatu vinaweza kujaza kioo cha mlango chote. Kibao kidogo kinachokaa vizuri pembeni ya saa za kufungua kitilie shaka.

Halafu rangi. Maandishi meupe yaliyobandikwa moja kwa moja kwenye kioo yanasomeka mchana, lakini usiku taa za ndani zikiwaka yanapotea. Nenda usimame kwenye maegesho saa mbili usiku, pale mteja anaposhukia, usome. Mimi nimetumia maandishi meusi juu ya ubao mweupe, na taa ya nje inayapiga kutoka juu.

Ukikodi mahali ambapo mpangaji aliyetangulia ameacha kibao, kisome neno kwa neno. Maneno ya sheria yalibadilishwa kuanzia tarehe 1 Januari 2016, pale leseni ilipoanza kuruhusu na kubeba waziwazi. Vibao vya zamani vinataja sheria ya bastola zilizofichwa, vya sasa vinataja sheria ya leseni za bastola. Bado naviona vile vya zamani kwenye milango ya watu.

Kiswahili unaweza kuongeza chini yake. Mimi nimeandika: "Ndugu mteja, silaha tafadhali iache kwenye gari. Karibu ndani." Hicho ni cha watu wetu. Mahakamani kitakachotazamwa ni kile cha Kiingereza na Kihispania.

Mwisho wa kazi hii, piga picha kila mlango, mchana na usiku, na uzihifadhi pamoja na tarehe. Mwonyeshe mwenye jengo pia kabla ya kubandika. Sheria inamtambua mwenye mali au mtu anayetenda kwa mamlaka yake, nawe hutaki ubishi wa nani ana mamlaka uanze siku ambayo polisi wamesimama mlangoni.

Ambao kibao hakiwagusi

Askari polisi. Tangu 2017, biashara inayohudumia umma hapa Texas hairuhusiwi kumzuia askari kuingia na silaha yake, awe kazini au amevaa kaptula na amekuja kula na watoto. Mfanyakazi wako akimwona mtu na bastola na akaambiwa "mimi ni polisi", aombe kuona kitambulisho kwa upole na yaishie hapo.

Gari la mfanyakazi. Ndani ya jiko unaweza kumkataza, lakini silaha anayoimiliki kihalali na kuifungia kwenye gari lake mwenyewe huko maegesho, sheria ya 2011 inamlinda.

Kama unauza pombe, na asilimia 51 au zaidi ya mapato yako inatokana na pombe inayonyweka hapohapo, una kibao chako kingine chekundu chenye namba 51, na hapo kuingia na bastola ni kosa kubwa la jinai hata kwa mwenye leseni. Migahawa mingi yetu haifiki huko.

Mteja akiwa mbele yako

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, maana kibao hakiongei, wewe na vijana wako ndio mnaoongea.

Elewa kwanza adhabu zilivyopangwa. Mwenye leseni aliyepita kibao cha 30.06 au 30.07 ana kosa dogo ambalo faini yake haizidi dola 200. Lakini akishaambiwa kwa mdomo atoke na silaha, na akakataa, kosa linapanda hadi daraja A: kifungo kinachoweza kufika mwaka mmoja, na faini inayoweza kufika dola 4,000. Kwa hiyo sentensi unayoitamka wewe kwa sauti yako ina uzito kuliko ubao wote ule mlangoni. Iseme wazi, na iseme mbele ya shahidi.

Wafanyakazi wangu nimewafundisha hivi. Msogelee ukiwa pembeni yake, si mbele uso kwa uso. Mikono ionekane. Usiinyoshee bastola kidole, usiitaje kwa sauti ya meza nzima isikie. Sema: "Habari za mchana, bwana. Karibu sana. Ndani hapa haturuhusu silaha. Naomba uipeleke kwenye gari, meza yako tunakushikia." Hayo ya meza usiyaruke. Mtu akijua kwamba nafasi yake ipo anarudi. Akiona anafukuzwa, anaondoka na familia nzima, na mwezi unaofuata hutamwona.

Usikubali kupokea bastola ikae nyuma ya kaunta. Wapo wanaopendekeza kwa nia njema kabisa: "Nishikie tu, mama, nikimaliza kula nachukua." Hapana. Kwanza, kuitoa kwenye mfuko wake katikati ya watu ndiyo hatari yenyewe unayoikimbia. Pili, sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza mtu mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kuwa na silaha au risasi mikononi, na asiye na makaratasi vilevile. Kijana wako wa kaunta anayesoma chuo anaweza kujiharibia maisha kwa kumfanyia mteja hisani ya nusu saa. Itoke ilivyoingia, kwenye mfuko wake, hadi kwenye gari.

Kanuni iwe moja kwa wote. Ukimwambia kijana mweusi halafu ukamwachia mzungu mzee mwenye kofia ya kikauboi kwa sababu unamwonea haya, umefanya ubaguzi, na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inaitaja migahawa kabisa. Na hata isingeitaja, watu wanaona.

Akikataa, mwambie mara moja tu, bila kupandisha sauti: "Nakuomba utoke." Usimguse, wala usimzuie mlango. Kisha mwenzako apige 911. Ukiona Kiingereza kinakukimbia kwa hofu, taja kwanza anwani, kisha omba mkalimani wa Kiswahili.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Kwenye simu ile sema unachokiona, usiongeze hata chembe. "Ana bastola kiunoni, iko kwenye mfuko wake, hajaigusa, hajatishia mtu, ameambiwa atoke amekataa." Tarehe 5 Agosti 2014, ndani ya Walmart ya Beavercreek, Ohio, kijana mweusi wa miaka 22, John Crawford III, alikuwa anatembea na bunduki ya upepo aliyoichukua rafuni dukani humohumo huku akiongea na simu. Mteja mmoja alipiga 911 akasema anawaelekezea watu bunduki. Polisi walifika, wakampiga risasi, akafa. Ohio ni jimbo ambalo kubeba bunduki waziwazi kunaruhusiwa. Katika mgahawa wa Waafrika, mtu atakayekuwa na silaha siku hiyo anaweza kuwa mtoto wa mwenzio. Neno moja la ziada kwenye simu usimtupie.

Mambo yakiwa tofauti, mtu akishika mpini, akaitoa au akatishia, achana na kibao na sentensi zote. Ondoa watu kwa mlango wa jikoni.

Watakavyokujibu

Wengi hawasemi kitu. Wanasoma, wanageuka, unasikia mlango wa gari ukifungwa, wanarudi kula. Wengine wanapita na bastola zao zimefichwa, nawe hutajua. Usianze kupapasa watu wala kuwakodolea macho viunoni. Jambazi naye kibao hakimhusu, hajawahi kusoma kibao. Kamera, taa za nje, na droo isiyo na fedha nyingi viendelee kama zamani.

Wapo watakaokuachia kadi ndogo kaunta, imechapwa kabisa, yenye maana kwamba kama bastola yangu haitakiwi, fedha yangu nayo haitakiwi. Ipokee, mshukuru kwa kukuambia, umtakie siku njema. Ni haki yake kwenda kula kwingine.

Wanaotaka kuongea wape nafasi, maana hoja zao si za kipuuzi. Watu wazima wa Texas watakutajia Luby's, mgahawa wa mji wa Killeen, tarehe 16 Oktoba 1991. Mtu aliingiza gari lake ndani kwa kuvunja dirisha, akaua watu 23. Suzanna Gratia Hupp alikuwa anakula na wazazi wake. Bastola yake ilikuwa kwenye gari, kwa sababu sheria ya wakati ule ilimkataza kuingia nayo. Baba na mama wote wawili wakafa. Yeye akawa sauti kubwa ya kudai leseni za kubeba bastola, leseni zilizopitishwa 1995 chini ya gavana George W. Bush, kisha akaingia bungeni. Mteja anayesoma kibao chako akakunja uso, mara nyingi habari hiyo ndiyo iliyo kichwani mwake. Kwake wewe umeirudisha bastola kwenye gari.

Watu wetu wana Luby's yao. Mteja mmoja kijana wa Nairobi aliniambia: "Mama, mimi Westgate nilikuwa karibu. Kama si Abdul Haji na bastola yake, wale akina mama wangetoka vipi?" Ni kweli. Tarehe 21 Septemba 2013, siku magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate, shambulio lililoua watu 67, Haji, raia mwenye bastola ya leseni, aliingia mle ndani na kusaidia kuwatoa watu, na picha ya mtoto wa kike akimkimbilia ilizunguka dunia nzima. Nilimjibu: "Mwanangu, Haji namheshimu kama wewe. Lakini hapa kila siku nina watoto hawa kwenye meza hizi, na siku yenye Haji ni moja. Nimechagua kuwalinda na hatari ya kila siku." Hakukubali. Alikula, akalipa, na bado anakuja. Usitafute kushinda ubishi huu. Mtu aliyebeba silaha kwa sababu ya hofu ya kweli habadilishwi na mwenye mgahawa kwenye kaunta. Anachotaka kujua ni kama unamheshimu.

Hoja nzito kuliko zote kwangu ni ya wezi wa magari. Mzee mmoja mstaafu, mpenzi wa mishkaki, aliacha bastola nje kama kibao kinavyotaka, akaja kuniambia: "Mama, mlango wako nimeuheshimu. Lakini umenifanya niiache mahali ambapo mwizi anavunja kioo kwa sekunde, na kesho bastola yangu iko mikononi mwake." Ana haki. Magari yanavunjwa Houston, na bastola zinazoibiwa humo zinaishia mitaani. Kwa hiyo ukiweka kibao, gharamia na maegesho: taa, kamera inayotazama nje, na nafasi mbili tatu karibu na kioo ambazo wafanyakazi wako hawaruhusiwi kuziziba. Waambie wateja wanunue kisanduku cha chuma kinachofungwa kwa waya chini ya kiti. Na uweke huduma ya kupeleka chakula garini. Yule mzee sasa hupiga simu kabla, anapaki, kijana anampelekea mishkaki yake na ndizi za kukaanga pale dirishani. Asipotaka kuiacha, haiachi, nami silaha haijaingia ndani. Wateja wa namna hiyo ninao kadhaa, na hakuna hata mmoja niliyempoteza kwa kibao.

Tathmini za nyota moja mtandaoni zitakuja, baadhi kutoka kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga mlango wako, kwa kuwa zipo orodha za biashara zenye vibao na watu hupeana. Jibu mara moja, kwa adabu, taja huduma ya garini, basi. Usirudi kujibu majibu. Na akija mtu na simu anarekodi ili akuchokoze, mpe sentensi zilezile mbili kwa sauti ileile.

Bunge la Texas hukutana kuanzia Januari ya kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, na sheria zake mpya nyingi huanza kufanya kazi tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Mwezi huo chukua maneno ya vifungu vitatu kwenye tovuti ya sheria za jimbo, simama nayo mlangoni, uyalinganishe na kibao chako mstari kwa mstari. Kikiwa kimepitwa, kibadilishe kabla ya kufungua, na upige picha nyingine yenye tarehe.